Sikukuu Yao, Amana Yetu



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyetupa neema ya Uislamu bila ya sisi kumuomba, na akatupa watoto ambao kuna watu wanawaomba usiku na mchana na bado hawajawapata. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, masahaba wake na kila anayewafuata kwa wema mpaka siku ya malipo.

Ndugu zangu katika imani, nakuusieni nyinyi na ninaiusia nafsi yangu kumcha Mwenyezi Mungu. Na leo nataka ucha Mungu huo tuuangalie katika jambo moja linalotupita kila mwaka zinapokaribia siku za kufunga shule.

Krismasi yenyewe ni tarehe 25 Desemba, na siku hiyo watoto wako nyumbani. Kwa sababu hiyo shule nyingi huisherehekea mapema, pamoja na mahafali ya chekechea na siku ya wazazi. Kikaratasi kinakuja ndani ya begi: mtoto aje na shuka jeupe na mchango wa mapambo. Mama anafua shuka, baba anatoa mchango, hakuna anayeuliza shuka ni la nini. Siku inafika, wazazi wamekaa chini ya turubai, kila mmoja kanyanyua simu anarekodi. Anatokea binti yako, mbawa za boksi zimebandikwa karatasi ya kung'aa mgongoni. Alhamisi jioni alikuwa madrasa akimsomea ustadhi wake Suratul Ikhlas, sura inayofundisha kuwa Mwenyezi Mungu hakuzaa wala hakuzaliwa. Leo amepiga magoti mbele ya hori la mbao, anaimba na wenzake kwamba Mungu amezaliwa.

Wazazi wetu hapo hugawanyika. Wengine hupiga makofi, kwa kuwa mtoto kapendeza. Wengine hupanda jukwaani wakamvuta mtoto mkono, akalia mbele ya shule nzima. Wengine hunyamaza pale, kisha usiku wakamwaga matusi kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, ambamo wamo Wakristo na mwalimu wa darasa mwenyewe. Wote hao wamechelewa. Imani ya mtoto hailindwi siku ya sherehe. Inalindwa miezi mingi kabla yake, kwa elimu nyumbani na kwa mazungumzo ya heshima shuleni.

Binti yule hana dhambi. Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kuwa kalamu imenyanyuliwa kwa watu watatu, na mmoja wao ni mtoto mpaka abaleghe. Mwalimu wake naye, kama ni Mkristo, anafundisha anachokiamini, wala hajui lililomo kifuani mwako usipomwambia. Anayebaki na swali ni mzazi. Katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume ametueleza kwamba kila mmoja wetu ni mchunga na kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga. Akamtaja mwanamume kwa watu wa nyumba yake, na mwanamke kwa nyumba ya mumewe na watoto wake.

Kwa hiyo mawaidha ya leo si ya kuwasema Wakristo. Hawamo humu msikitini, na kumsema mtu asiyekuwepo tunajua hukumu yake. Leo tunajisema sisi.

Tuanze na jambo ambalo watoto wetu wengi hawalijui. Krismasi inazungumzia watu ambao na sisi tunawapenda. Nabii Isa (A.S.) ametajwa kwa jina lake mara 25 katika Qurani. Mama yake, Bibi Maryam, ametajwa mara 34, na ndiye mwanamke pekee aliyetajwa kwa jina katika Kitabu chote. Ana sura nzima yenye jina lake, sura ya 19, yenye aya 98. Muislamu anayemkana Isa bin Maryam si Muislamu. Sasa muulize mwanao wa darasa la tatu habari ya kuzaliwa kwa Nabii Isa. Atakusimulia hori, ng'ombe na nyota, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa shuleni. Habari ya mtende hajaisikia.

Na habari ya mtende ni tamu kwa mtoto. Msimulie kabla hajalala. Mwambie Bibi Maryam alikwenda mahali pa mbali, peke yake, uchungu ukamshika penye shina la mtende, akaemewa hata akatamani angekuwa amekufa kabla ya siku ile. Akanadiwa kutoka chini yake asihuzunike: kijito kimepitishwa chini yake, na akitikisa shina tende mbivu zitamdondokea. Mwambie alivyorudi kwa watu wake amembeba mtoto, wakamlaumu, naye hakujibu neno, akaashiria tu kwa mtoto. Mtoto mchanga akasema. Jambo la kwanza alilolitamka Nabii Isa duniani ni kwamba yeye ni mja wa Mwenyezi Mungu. Mtoto aliyekunywa habari hiyo tangu mdogo, akisikia shuleni kuwa Isa ni Mungu, atajua mwenyewe pale ambapo njia zinaachana, wala hatahitaji kuvutwa mkono.

Mzazi asiyejua Kiarabu hana udhuru. Sheikh Abdulla Saleh Farsy, ambaye kabla ya kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya alikuwa mwalimu wa shule Zanzibar, alikamilisha tafsiri yake ya Qurani kwa Kiswahili mwaka 1969. Imo katika nyumba zetu, juu ya kabati. Tuishushe.

Ndugu Waislamu, masahaba walikutana na jambo hili kabla yetu, tena katika bara letu hili la Afrika. Mwaka wa tano tangu Mtume apewe utume, mateso ya Makureshi yalipozidi, aliwaruhusu baadhi ya Waislamu wahamie Habasha kwa mfalme Mkristo, Najashi, ambaye kwake hadhulumiwi mtu. Walipotimia walikuwa zaidi ya 80. Makureshi wakamtuma Amr bin Al-Aas na mwenzake, wamebeba zawadi za ngozi kwa mfalme na kwa maaskofu wake, ili wakimbizi wale warudishwe Makka.

Aliyetusimulia habari hiyo ni Ummu Salama (R.A.), naye alikuwa miongoni mwa waliohama. Najashi akawaita Waislamu, maaskofu wamemzunguka na vitabu vyao vimefunuliwa. Akasimama Jaafar bin Abi Talib, akaeleza ujahili waliokuwa nao na uongofu alioleta Mtume. Mfalme akamuuliza kama ana chochote katika aliyokuja nayo Mtume huyo. Jaafar akamsomea mwanzo wa Suratu Maryam. Najashi akalia mpaka ndevu zikalowa, na maaskofu wakalia mpaka vitabu vyao vikalowa.

Lakini mtihani hasa ulikuwa kesho yake. Amr alirudi kwa mfalme akamwambia kwamba watu hawa wanasema neno zito juu ya Isa. Waislamu wakaitwa tena. Fikiria hali yao: ni wageni, hawana jeshi wala mali, na kurudishwa Makka ni kurudishwa kwenye mateso. Wakashauriana watasema nini. Wakakubaliana kwamba watasema aliyoyasema Mwenyezi Mungu na aliyoyaleta Mtume wao, na liwalo na liwe. Jaafar akajibu kuwa Isa ni mja wa Mwenyezi Mungu, Mtume wake, roho itokayo kwake na neno lake alilompelekea Bibi Maryam aliye bikira. Maaskofu walikoroma kwa kutoridhika. Najashi akaokota kijiti, akasema Isa hazidi hayo waliyoyasema hata kwa kadiri ya kijiti kile, na akawapa amani katika nchi yake.

Tazameni adabu ya Jaafar. Alichagua kuanza na sura inayomheshimu mama wa Nabii Isa. Hakuanza na ubishi. Alipoulizwa waziwazi, hakuficha hata herufi moja ya imani yake. Hakutukana msalaba wa mwenyeji wake. Na katika riwaya nyingine, alipoingia hakumsujudia mfalme, na alipoulizwa akaeleza kwamba wao hawamsujudii ila Mwenyezi Mungu. Ukweli wote na adabu yote vilikaa katika kinywa kimoja. Najashi yule alipofariki, Mtume wetu (S.A.W.) aliwatoa masahaba wakamswalia swala ya ghaibu.

Kuna na habari ya Najran. Ibn Is-haq amesimulia katika Sira kwamba wajumbe wa Kikristo kutoka Najran walifika Madina, na wakati wao wa ibada ulipoingia, Mtume aliagiza waachwe waswali msikitini mwake wakielekea mashariki. Aliwaacha waswali, hakuswali nao. Alijadiliana nao juu ya Nabii Isa, wakaondoka kwa mapatano bila ya kusilimu. Mpaka wetu ni huo: jirani tunampa heshima na nafasi yake, na ibada kila mtu anabaki na yake.

Mwenyezi Mungu katika Suratul Mumtahina, aya ya 8, ametubainishia kuwa hatukatazi kuwafanyia wema na uadilifu wasiotupiga vita kwa ajili ya dini wala kututoa majumbani mwetu. Na katika Suratul Kafirun ametufundisha kuwaachia wao dini yao na sisi kubaki na yetu. Mtu akishika aya ya kwanza akaiacha sura ya pili, atampeleka mwanawe kwenye misa. Akishika sura ya pili akaiacha aya ya kwanza, atamnunia jirani yake aliyemletea sinia la pilau. Muumini anashika zote mbili.

Tuyateremshe hayo mpaka uwanja wa shule. Mtoto kujifunza darasani kwamba Wakristo wanaamini hivi, Krismasi ni nini, Pasaka ni nini, hiyo ni elimu, nasi tunaishi na watu hawa mtaa mmoja. Kupumzika siku ya sikukuu, kupokea penseli na peremende walizogawiwa watoto wote, kwenda kwenye mahafali ya mwanao ukampongeza mwalimu kwa kazi ya mwaka mzima, hayo ni maisha na wema. Jirani Mkristo katika miji yetu humwita Muislamu amchinjie mbuzi wake wa Krismasi ili mtaa wote ule. Huo ni ubinadamu ambao haupaswi kulipwa kwa uso wa kukunja.

Lakini kufumba macho katika sala yao, kupiga ishara ya msalaba kabla ya uji wa saa nne, kupakwa majivu kwenye paji la uso Jumatano ya Majivu, kuandamana katika Njia ya Msalaba wakati wa Kwaresima, kuimba maneno ya kumwabudu Isa, hayo ni ibada, na ibada ya Muislamu haielekezwi kwingine. Igizo nalo lina tatizo lake. Maneno anayoyakariri mtoto kwa majuma mengi ya mazoezi ni maungamo ya dini nyingine, na wanazuoni wengi wamekataza kuigiza Manabii kwa sura yoyote ile, hata kwa maneno yaliyo sahihi. Ama suala la kumtakia jirani heri ya sikukuu yake kwa mdomo, hilo wanazuoni wetu wa zamani na wa sasa wamelizungumza, wapo waliolikataza na wapo walioliruhusu. Muulize sheikh wako, shika unaloelekezwa, na usimtoe mwenzio katika dini kwa ajili yake.

Na msidhani kuwa Wakristo wenyewe hawaelewi habari ya mipaka. Kanisa Katoliki halimpi komunyo mtu ambaye hajabatizwa. Padri ana mpaka wake katika ibada yake na anauchunga. Ukimwendea kwa heshima ukamweleza kwamba na sisi tuna mpaka wetu, unazungumza na mtu anayejua maana ya jambo hilo.

Sasa, shule zenyewe haziko aina moja, na haki ya kila shule ni mbali na ya nyingine.

Babu zetu walikuwa na njia finyu. Wajerumani walipofungua shule ya serikali Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1890, waliiacha bila ya mafundisho ya Kikristo, maana walijua Waislamu wa pwani wasingewapeleka watoto wao, wamisionari wakalalamika. Bara, shule nyingi zilikuwa za misheni, na mzazi Muislamu alichagua baina ya mtoto kubaki bila shule na mtoto kurudi na jina la ubatizo. Wengi walichagua kubaki, na matokeo yake tumeyaona kwa vizazi. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyeanzisha gazeti la Al-Islah mjini Mombasa mwaka 1932, aliwahimiza Waislamu waitafute elimu ya zama zao na washike dini yao kwa pamoja, wasiache hili kwa ajili ya lile. Mwaka 1945, huko huko Mombasa, ikaundwa Jumuiya ya Ustawi wa Waislamu wa Afrika Mashariki, ikajenga shule na misikiti. Tanzania Bara, Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliziweka shule za misheni mikononi mwa serikali. Baadaye, hasa tangu miaka ya 1990, mlango wa shule binafsi ukafunguka, na makanisa yakarudi kujenga shule nzuri. Sisi tukajenga chache, na tukawapeleka watoto kwao kwa sababu wanafaulu.

Kama umempeleka mwanao shule ya kanisa kwa hiari yako, soma fomu ya kujiunga kabla ya kulipa ada. Shule nyingi za aina hiyo huandika wazi kwamba kila mwanafunzi atahudhuria ibada. Ukiweka saini, umefunga ahadi, na Waislamu hufungwa na masharti yao. Huwezi kusaini Januari ukaja kulalamika Novemba kwamba umeonewa. Uliza kabla: mtoto wa dini nyingine anafanya nini wakati wa misa? Anaweza kukaa maktaba? Ijumaa anapewa ruhusa ya kwenda kuswali? Wakikubali, omba iandikwe. Wakikataa, wamekwambia ukweli, na wewe una jibu la kumpa Mola wako: tafuta shule nyingine, hata kama haina basi la njano.

Shule ya serikali ni jambo jingine. Ile ni ya kodi ya wote. Katiba ya Tanzania, Ibara ya 19, inampa kila mtu uhuru wa imani, na inafanya ibada na uenezaji wa dini kuwa jambo la hiari ya mtu binafsi, nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inasema katika Ibara ya 8 kwamba hakuna dini ya taifa, na Ibara ya 32 inakataza mtu kulazimishwa kutenda jambo lililo kinyume na imani yake. Ndugu zetu wa Kenya wana pia sheria nyingine ya kukumbuka, kwa kuwa shule nyingi za umma kule zina makanisa kama wafadhili: Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inampa mfadhili kazi ya kulea maisha ya kiroho shuleni, na papo hapo inamtaka alinde imani za wasio wa dhehebu lake. Haki hizi zipo. Lakini mahakama ni njia ndefu. Kesi ya hijabu ya shule moja ya Isiolo ilipanda ngazi zote mpaka Mahakama ya Juu mwaka 2019, na huko ikaamuliwa kwa hoja za utaratibu wa mashtaka, suala lenyewe likabaki. Mazungumzo ya mapema na mwalimu mkuu yanaweza kumaliza kwa nusu saa jambo ambalo mahakama italichukulia miaka.

Basi tufanyeje?

La kwanza, nenda shuleni mwanzo wa muhula, si siku ya sherehe. Baba na mama mwende pamoja, mmevaa vizuri, mmetulia. Mwambie mwalimu: mwanangu ni Muislamu, tunaheshimu sikukuu yenu, naye hatashiriki sala wala igizo la dini, tunaomba apewe kazi nyingine. Kisha usimwachie mwalimu kuumiza kichwa, mpelekee mapendekezo. Mtoto anaweza kuwa mshereheshaji, kusoma ngonjera ya kuwaaga walimu, kupokea wageni, kuonyesha kazi za mikono. Mtoto aliyetolewa kwenye mazoezi akaachwa peke yake darasani, anasikia kelele za wenzake kupitia dirishani, ataiona dini yake kuwa ni adhabu. Mtoto aliyepewa kipaza sauti hana hisia hiyo.

La pili, mweleze mtoto, na umweleze kwa kiasi cha umri wake. Tunaye kigezo. Hassan bin Ali (R.A.), mjukuu wa Mtume, akiwa bado mdogo alichukua tende ya sadaka akaitia mdomoni. Mtume (S.A.W.) akamkataza kwa maneno ambayo watoto huambiwa ili wateme, kisha akampa na sababu: sisi hatuli sadaka. Hakumpiga, hakumtisha, wala hakusema huyu bado mdogo haelewi. Alikataza na akaeleza. Na wewe sema hivyo hivyo: wenzako wanasali kwao, nasi tunamwabudu Mwenyezi Mungu peke yake, Nabii Isa ni Mtume wake na tunampenda. Inatosha kwa mtoto wa miaka mitano. Akifika kumi utamzidishia. Na mfundishe asiwacheke wenzake, kwa sababu Mwenyezi Mungu katika Suratul An'am ametukataza kutukana wanavyoviabudu wengine, wasije nao wakamtukana Yeye kwa kutojua.

La tatu, nyumba iwe na furaha yake. Haiwezekani mtoto aone Krismasi shuleni ina mapambo, nyimbo na keki, kisha Idi nyumbani iwe kulala mpaka saa sita baada ya swala. Mshonee nguo, mpeleke uwanjani kuswali, mpe idi yake mkononi, mwalike na mwenzake Mkristo ale tambi na maandazi. Mpeleke mwalimu wake sahani. Mwalimu aliyekula kwako Idi atakusikiliza vizuri mno Novemba.

Ndugu zangu, hapa nataka niseme neno ambalo halitampendeza kila mtu. Haki tunayoidai tunatakiwa tuitoe. Unguja na Pemba, dini ya Kiislamu inasomeshwa katika shule za serikali, na wamo watoto wa Kikristo. Mombasa, Lamu na Tanga kuna shule ambazo watoto wa Kikristo ni wachache, na ukifika Maulidi shule nzima inapangwa uwanjani kusoma kasida. Zipo na shule za Kiislamu zinazopokea ada ya mzazi Mkristo. Mtoto wa Yohana anaulizwa kama anataka kukaa pembeni? Msichana wake anavishwa mtandio kwa kuwa kanuni iliandikwa kwenye fomu, au kwa kuwa hakuna aliyemuuliza mama yake? Wenye shule, walimu wakuu, wajumbe wa kamati, jambo hili mnalo nyinyi. Qurani katika Suratul Maida inatuonya kuwa kuwachukia watu kusitupeleke kuacha uadilifu. Muislamu anayelalamikia hori la shule ya kanisa na ilhali anamlazimisha mtoto wa mwenzake kuimba kasida, hana hoja mbele ya watu wala mbele ya Mwenyezi Mungu.

Na la mwisho ndilo linalotuuma zaidi. Ratiba za shule nyingi za serikali zina kipindi cha dini. Siku ile ikifika, katekista anakuja, amebeba biblia yake na chaki, watoto wa Kikristo wanakwenda darasani kwao. Watoto wetu wanabaki chini ya mwembe wanacheza, kwa sababu ustadhi hakuja. Hakuja leo, hakuja juma lililopita. Wengine, kwa kuchoka kucheza, huingia kule kwenye nyimbo. Katekista hakuwaiba. Sisi tuliwaacha. Shule iko hatua chache kutoka msikiti huu, mlango umefunguliwa na serikali, na safu zetu hapa zimejaa wastaafu, vijana waliomaliza madrasa, akina mama wanaojua Juzuu Amma kwa moyo. Kisha tunashangaa mtoto anarudi nyumbani na wimbo.

Ewe Mola wetu, tuhifadhie watoto wetu katika tauhidi, wape elimu yenye manufaa, na utujaalie tuwe majirani wema kwa wanaotuzunguka. Wasamehe wazazi wetu waliotulea juu ya dini hii kwa shida.

Anayeweza kujitolea kipindi kimoja tu kwa wiki, amwone katibu wa msikiti baada ya swala na aandikishe jina lake leo, kabla hajavaa viatu. Majina yatapelekwa kwa mwalimu mkuu Jumatatu asubuhi.